Bodi Yenye Kesho

Wapo waliopewa macho ya kuonea njia, na wapo waliopewa macho ya kuonea mifuko ya wenzao. Sylvanus Odero alijaliwa haya ya pili, tena mawili mazima yasiyohitaji miwani. Ndiyo maana Jumanne ile, saa nne asubuhi, akiwa ameegemea kabati lake la kioo kwenye ghorofa ya pili ya jengo la wauza kompyuta katikati ya Kampala, alimwona yule mama kabla hajamaliza kupanda ngazi.

Alikuwa mama mrefu, mpana wa mabega, kitenge chake kimepigwa pasi kikanyooka, na miguuni viatu vyeusi vya kamba vinavyong'aa. Mkononi alishika daftari la shule. Alikuwa akienda kabati hadi kabati na ombi lake moja.

"Mimi natafuta madabodi. Ya bei kidogo. Lakini nataka ile iko na njia ya mbele, si ile ya kufa kesho."

Kwa wasiowahi kufungua tumbo la kompyuta, madabodi ni ule ubao ambao vitu vingine vyote huchomekwa juu yake, kuanzia prosesa, ambayo ndiyo moyo wa mashine. Kwenye kabati la kwanza vijana walichekeana. La pili walimshauri anunue kompyuta nzima, mambo ya kuunda awaachie watoto. La tatu walimtajia bei ambayo kwao Gulu ingempa kiwanja na mbuzi wa kufunga humo. Mama akafunga daftari, akaanza kurudi ngazini. Odero akaona riziki yake ya mwezi mzima inashuka kwa miguu.

"Afande!" akaita.

Mama akageuka. "Nani alikwambia mimi ni afande?"

"Viatu, Mama. Raia hapigi kiwi mpaka kwenye soli."

Mama akainua mguu mmoja, akaangalia soli yake, akacheka kwa sauti nene. "Nilistaafu. Sajenti Alanyo. Stoo ya vielelezo ya polisi, vitu vya ushahidi, miaka ishirini na mbili."

Msomaji mwenye busara ameshaona kwamba mtu aliyekaa miaka ishirini na miwili akiandika, akipiga namba na kufungia vitu vya wizi ni mtu wa kuuziwa kalamu moja, kupewa chenji yake kamili na kuagwa kwa heshima. Odero hakuwa mtu wa kusoma sana. Alivuta kiti, akakipangusa kwa leso yake mwenyewe.

"Mimi ni Injinia Sylvanus," alisema. Chuo kilichompa uinjinia huo hakijajengwa mpaka leo.

Afande Alanyo akafungua daftari. Maswali yalikuwa matatu, yameandikwa na Atoo, mtoto wa kaka yake aliyekuwa akisomea mambo ya filamu. Akayasoma kwa kidole.

"Moja. Hii soketi, ile shimo ya prosesa, inakubali ile ndogo ya leo tu, ama inakubali na kubwa ya kesho?"

"Zote, Afande. Kuanzia mtoto mpaka babu yake."

"Mbili. Rami, ile kumbukumbu yake, iko na viti ngapi?"

"Vinne. Leo unakalisha mgeni mmoja, mambo yakikunyookea unakalisha wanne."

"Tatu. Bayosi, ile programu ya kuamsha bodi, inaweza kupewa masomo mapya?"

Odero alimtazama upya. Wateja wake walikuwa hawafiki swali la tatu. "Inaweza. Nitaifundisha mimi mwenyewe, bure, leo hii, ili prosesa kubwa ikija isiikatae kama mgeni asiyebisha hodi."

Akainama chini ya kabati, akatoa bodi ndani ya boksi la kahawia, akaiweka juu ya kioo taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Watu wa mji huu wanakosea, Mama. Wanamaliza pesa zote kwenye prosesa, halafu wanaichomeka kwenye bodi mbovu. Ni kama kujenga ghorofa juu ya msingi wa choo. Wewe anza na msingi wa ghorofa, ujenge chumba kimoja tu. Siku Mungu akikufungulia, unarudi kwangu, nachukua prosesa ya zamani, unaongeza kidogo, nakupandishia kubwa. Bodi hii itakua, Afande. Andika kabisa kwenye daftari: Injinia Sylvanus alisema itakua."

Alanyo akaandika. Kweli akaandika, na tarehe akaweka.

"Jambo la mwisho," Odero aliongeza, akashusha sauti. "Prosesa usiiguse kwa mkono mtupu. Hata siku moja. Mwili wa binadamu una umeme wake. Ukiigusa tu, inakufa hapo hapo bila kuaga."

"Hata kuangalia tu?"

"Kuangalia kwa mbali, sawa. Kufungua, niite mimi."

Mama akaandika na hilo. Akalipa, akachukua bodi na prosesa ndogo iliyokaa juu yake, akashuka ngazi kwa mwendo wa gwaride.

Sasa kuna jambo ambalo ni vigumu kulisema mbele ya watu wenye heshima zao: yote aliyoyasema Odero kuhusu ile bodi yalikuwa kweli. Ilikuwa bodi nzuri. Soketi yake ilikubali prosesa kubwa, viti vya rami vilikuwa vinne, na bei aliyoitoa haikumwachia faida ya kununulia hata rolex, ile chapati ya mayai ya barabarani. Uongo, kama nyumba, unahitaji nguzo moja ya mti mgumu, na nguzo ya Odero ilikuwa bodi. Hakuwa anakula kwenye bodi. Alikuwa anakula kwenye kukua.

Mchezo ulikuwa hivi. Mteja akirudi na akiba yake kutaka prosesa kubwa, Odero huchukua ile ndogo, humwambia kubwa inatoka Dubai, asubiri wiki. Wiki hiyo prosesa ndogo haivuki bahari yoyote. Inateremka Katwe, kule ambako sufuria zilizokufa hufufuliwa sufuria nyingine, hadi kwa Mzee Jibril. Jibril alikuwa mchongaji wa maandishi kwenye vikombe vya michezo na vibao vya makaburi. Huinyoa prosesa kichwa, huchonga namba kubwa pale palipokuwa na ndogo, na mteja hurudishiwa mali yake ileile iliyobatizwa upya. Odero hupuliza vumbi, hufuta takataka zote ndani ya kompyuta, na hupanda humo kiprogramu cha kuonyesha jina kubwa kila inapowashwa. Kompyuta ikiisha kuoga hivyo hukimbia kweli, mwezi mzima. Mteja hufurahi. Mwezi wa pili huanza kulaumu umeme wa serikali.

Hivyo ndivyo alivyofanyiwa Mzee Olweny, fundi mstaafu wa reli pale Nsambya, aliyelipia prosesa kubwa ya kutengenezea video za kwaya yake.

Jibril alikuwa na kasoro moja tu. Saba zake zote alizikata mkanda katikati, kile kistari cha kulala.

"Mzee, kiwandani hawakati saba," Odero alimlalamikia mara nyingi.

"Ssebo, saba bila mkanda watu wanasema ni moja. Kuna marehemu alikufa na miaka sabini na moja, mimi nikamzika na kumi na moja. Watoto wake walikuja hapa na fimbo. Tangu siku hiyo nakata."

"Basi kata. Lakini sharti langu unalijua. Ukichonga, husomi. Ukisoma, hukumbuki. Na wewe na mimi hatuulizani kitu."

"Kale, nimekubali. Mimi naona herufi tu. Kazi ni kazi."

Ingekuwa rahisi kumchukia Odero kama asingekuwa na Vera. Vera Nasike alikuwa Mkenya mwenzake, mpiga video za harusi na za kwanjula, zile sherehe za kutambulishana kwa wazazi, akiishi Kisugu, vyumba vitatu kutoka kwa Odero. Odero alimpenda. Katika maisha yake hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwa amelichonga upya. Walikuwa wamepanga kufungua studio yao ndogo: Vera alete kamera, Odero alete mashine, na mambo ya kunyoa prosesa yabaki kuwa hadithi asiyosimuliwa mtu. Vera alikuwa amesubiri mwaka.

"Mwisho wa mwezi huu, Sylvanus," alikuwa amemwambia. "Kamera yangu haiwezi kuchumbiwa milele. Nikikosa mashine kwako, nitaitafuta mahali pengine."

Na Odero alikuwa nayo, au tuseme alikuwa na moyo wa mashine. Ndani ya soksi ya sufu, chini ya godoro, alihifadhi prosesa moja kubwa, halisi, ambayo kisu cha Jibril hakijawahi kuigusa. Aliipata kwa Mkongomani mmoja aliyekuwa na haraka ya kusafiri. Aliiita Bwana Mkubwa. Kila jioni aliitoa, akaiangalia, akairudisha. Kilichobaki kilikuwa bodi, rami na kasha, na hivyo angevinunua mara moja akipata kazi nono.

Wiki tatu baada ya Jumanne ile, kazi nono ikapanda ngazi kwa viatu vya kamba.

"Injinia," Afande Alanyo alisema, hata kiti hakutaka. "Iko kazi. Sisi wamama wa baraki ya polisi tuko na kikundi. Wafadhili walitupa kompyuta ishirini za kufundisha watoto. Bodi zake ziko sawa, dada wa hii yangu. Lakini prosesa zote ni hizi ndogo ndogo. Tunataka kupandisha zote."

Odero aliuma ulimi ndipo akapata kusema, "Zote?"

"Ishirini. Lakini stoo iko na sheria: sampo kwanza. Unaweka moja kubwa kwa kompyuta yangu. Atoo anapima na filamu ya harusi, ile mzima, kutoka kanisani mpaka keki. Kamati inaona na macho. Ikipita, kazi ni yako."

Odero alianza kupiga hesabu ya hatari. Filamu ya harusi nzima haidanganyiki na jina lililopakwa. Prosesa iliyonyolewa ingefika kwenye maandamano ya bibi harusi ikazirai. Ni Bwana Mkubwa peke yake angeweza kufika kwenye keki. Moyo ukamwambia usimtoe. Tamaa ikamuuliza moyo: huyu moyo ana elimu gani?

"Afande, prosesa kubwa ni mali ya thamani," alisema. "Na mimi lazima nishike kitu."

"Hata mimi nilifikiria hivyo. Wewe si huwa unachukua ya zamani? Basi chukua ndogo zote ishirini mara moja. Zikae kwako."

Kichwani mwa Odero zikapigwa ngoma. Vichwa ishirini vya kunyoa, vinaletwa na mwenyewe! Angeviteremsha Katwe, avirudishe vikiwa na majina ya kifalme, alipwe ishirini, halafu aende kumchukua Bwana Mkubwa kwa kisingizio kwamba sampo lazima isajiliwe pamoja na ndugu zake. Studio ya Vera isingekuwa na mashine moja. Ingekuwa na mashine, viti vya kuzunguka na kibao cha taa mlangoni. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini wahenga hawakuwahi kuulizia bei za kompyuta mjini.

Alhamisi akafika nyumbani kwa Alanyo, vyumba viwili Nsambya jirani na nyumba za reli. Alichokiona kwanza ni namba. Kila kitu kilikuwa na namba kwa rangi nyeupe: viti, ndoo, chupa ya chai, jiko. Jogoo uani alivaa pete ya bati mguuni, nayo ina namba.

"Mama, hata jogoo?"

"Kitu bila namba si kitu chako," alisema Alanyo.

Atoo, msichana mwembamba wa maneno machache, aliwasha kompyuta, akaonyesha, akaizima. Odero akaifungua, akainua prosesa ndogo. Alanyo akaipokea kwa glavu nyeupe za gwaride, akaitia kwenye bahasha. Kisha Odero akatoa soksi. Alipomlaza Bwana Mkubwa kwenye soketi na kushusha kile kiwaya cha kumbana, aliikunja soksi tupu, akaitia mfukoni. Akajisemea ni siku chache tu.

Atoo akaanza filamu. Bwana harusi akaingia kanisani, bibi harusi akaingia, wazazi wakalia, keki ikakatwa, na mashine haikutoa hata kikohozi. Atoo akatikisa kichwa kukubali. Odero akajisikia fahari isiyo na sababu, kama mzazi kwenye mahafali.

"Sasa yako," alisema Alanyo. Akaleta mkebe mkubwa wa biskuti. Ndani yake kulikuwa na trei ya mayai iliyokatwa, na katika kila kishimo, kichwa cha chuma cha prosesa kikimeta juu ya pamba. Odero akanyoosha mkono. Alanyo akampiga kofi dogo la kidoleni.

"Mukono mtupu, Injinia? Wewe mwenyewe ulisema mwili iko na umeme. Nimeandika." Akafungua daftari, akamwonyesha na tarehe. "Mimi nitakushikia."

Akachagua moja kwa glavu, akaigeuza mbele ya macho yake. Chini pini zote zimesimama sawasawa. Akachagua ya pili, ikawa vilevile. "Nitoe ishirini zote? Chai inapoa."

"La, la, Afande. Nimeona. Nimeridhika."

Mkebe ukafunikwa. Ukazungushwa utepe, ukamwagiwa lakiri nyekundu juu ya utepe, ukapigwa muhuri. Mtu aliyewahi kulala siku mbili kituoni hachezi na lakiri, na Odero alikuwa amelala tatu. Halafu ikaja karatasi yenye kaboni chini yake. Ilisema hivi: mimi Sylvanus Odero nimetoa prosesa moja kubwa, ibaki ilipo, kwa kubadilishana na vipande ishirini vilivyomo ndani ya mkebe huu, ambavyo nimevikagua na kuridhika. Odero aliisoma haraka haraka, akacheka moyoni. Karatasi za wamama! Akatia saini, na mbele ya jina akaweka Inj.

Mkebe ulikaa chini ya godoro siku sita, kwa sababu Jibril alikuwa na vikombe vya mashindano ya shule hadi Jumatano. Vera alipiga simu mara mbili.

"Mwezi unaisha Jumamosi."

"Tulia, mpenzi. Si mashine moja inayokuja. Ni studio nzima."

"Sylvanus, mimi sikuomba studio nzima. Niliomba mashine moja," alisema Vera, na simu ikakatika.

Jumatano mchana Odero akateremka Katwe na mkebe kwapani, akapita kati ya nyundo na cheche mpaka kwenye benchi la Jibril. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akavunja lakiri ya polisi, nayo ilivunjika kwa raha. Akafunua.

"Ishirini, Mzee. Nyoa zote. Andika namba kubwa."

Jibril akavuta miwani kutoka kwenye paji la uso. Akachukua moja, akaigeuza. Akachukua nyingine. Akamtazama Odero kwa huruma ya mtu anayemwona mwenzake kasahau suruali nyumbani.

"Ssebo, nizichonge mara ngapi? Hizi nimezichonga juzi juzi."

"Umechonga nini?"

"Hizi. Hizi mbili ni prosesa kweli, lakini zimekufa, niliziokota kwenye chuma chakavu. Hizi kumi na nane ni sufuria. Aluminiamu ya sufuria, nimekata, nimesugua, nimeandika. Kazi nzuri, sivyo?"

Odero akakaa chini, na kwa kuwa hapakuwa na kiti akakalia rundo la mabati. Akaokota kipande kimoja. Kilikuwa bapa, hakina pini hata moja, kimepakwa rangi ya kijani kwa chini. Juu, chini ya namba ya prosesa, palikuwa na namba nyingine: 17707. Akaokota cha pili: 17707. Vyote kumi na vinane. Na kila saba ilikuwa na mkanda wake.

"Hii namba ni ya nini?" aliuliza Odero.

"Ya mume wake, marehemu Konstebo Ongom. Namba yake ya kazi. Mimi ndiye nilichonga kibao cha kaburi lake, miaka sita sasa. Mama alikuja hapa na prosesa ya Mzee Olweny mkononi. Olweny alikuwa ameifungua kuifuta vumbi, akamwonyesha huyu mama, jirani yake, jinsi inavyong'aa. Mama aliona saba. Akaniambia, 'Mzee, hii saba mimi naangalia kila Jumapili nikipeleka maua. Hii saba najua.'"

"Lini? Lini alikuja?"

"Kabla hajakwenda kwako kununua hata hiyo bodi. Alisikia kwamba bodi zako ni nzuri. Kwenye bodi, alisema, huyu kijana hadanganyi."

"Na wewe hukuniambia! Mzee Jibril, miaka minne tunakula pamoja!"

Jibril alisikitika kweli. Alivua miwani, akaipangusa. "Lakini ssebo, sharti ni lako. Nikichonga sisomi. Nikisoma sikumbuki. Na hatuulizani. Mama naye nilimweleza sharti hilo, akalipenda sana. Akasema basi na hii usisome."

Odero alitoka Katwe mbio. Alipanda boda mpaka Nsambya, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angesema ni wizi. Angetaja mahakama. Angelia, ikibidi, alikuwa na machozi ya aina tatu. Mbele ya nyumba akasikia muziki wa harusi, na sauti iliyomfanya apunguze mwendo.

Barazani alikaa Mzee Olweny na tai yake ya kwaya, kikombe mkononi. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Atoo alikuwa kwenye kompyuta, na pembeni yake, kamera shingoni, mkono begani mwa Atoo, alikuwa Vera.

"Sylvanus!" Vera aliruka. "Nilitaka kukupigia leo. Nimepata mashine! Mzee Olweny alinisikia nikilalamika kwenye harusi ya kwaya, akanileta hapa. Angalia, bwana. Kanisani mpaka keki, hata haikwami. Tumekubaliana, mimi, Atoo, Afande na Mzee. Tunaanza Jumatatu."

Odero aliangalia skrini. Pale kwenye kona jina la Bwana Mkubwa lilikuwa limeandikwa kamili, la kweli, halikupakwa na mtu.

"Karibu, Injinia," alisema Alanyo akitokea jikoni. "Umekuja kwa habari ya sampo? Ilipita."

"Afande, ile prosesa," Odero alianza. Wote wanne wakamgeukia. Aliyaona maneno yake yamejipanga, na nyuma yao aliyaona mengine yakija: ishirini zilikuwa za nini? Ulizipeleka kwa nani? Kufanya nini? Na katikati ya maneno hayo amesimama Vera, anatabasamu.

"Ndiyo, ile prosesa," alidakia Mzee Olweny taratibu, akaweka kikombe chini. "Mimi nilikulipa prosesa kubwa mwezi wa pili, kijana. Nilikuwa nafikiri umenisahau. Kumbe ulikuwa unanitafutia iliyo nzuri. Asante sana." Akanyoosha mkono. Odero akaupokea, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake.

"Kama kuna kitu haiko sawa," alisema Alanyo kwa upole, "kituo si mbali. Mimi nitakusindikiza mwenyewe. Nitabeba na daftari."

"Kila kitu kiko sawa, Afande."

"Afande ananiambia wewe ndiye ulimchagulia hii bodi," Vera alisema. Macho yake yalikuwa yaking'aa, na hilo ndilo lililomuumiza Odero kuliko yote. "Mwaka mzima nilidhani maneno yako ni upepo. Kumbe unaweza, Sylvanus. Unaweza kujenga mashine ya kweli." Tabasamu likaanza kupungua. "Sasa kama unaweza kumjengea mtu mwingine, mbona mimi hukunijengea?"

Odero alikuwa na jibu la kila swali duniani. Alikuwa na majibu ya forodha, ya askari wa jiji, ya mwenye nyumba na ya wachungaji wawili. Alifungua mdomo, akautafuta uongo mmoja tu unaofaa, na hakuupata. Vera alimsubiri. Halafu akageuka, akarudi kwenye skrini.

Alanyo alimsindikiza mpaka njiani. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akamwonyesha mstari: Injinia Sylvanus alisema itakua. Pembeni palikuwa na alama ya tiki nyekundu.

"Ulisema ukweli," alimwambia. "Bodi imekua." Kisha akamtilia bahasha mkononi. "Na hii ni yako. Wewe huwa unachukua ya zamani."

Odero alitembea kwa miguu kurudi Kisugu. Karibu na nyumbani alisimama, akafungua bahasha, akatoa ile prosesa ndogo aliyomuuzia Alanyo ile Jumanne. Ilikuwa nzima na halisi, haijanyolewa. Akawaza, kama mtu aliyezoea kuwaza hivyo, kwamba kesho angeweza kuipeleka Katwe. Akaigeuza juani. Kwenye ukingo wake, kwa rangi nyeupe na kwa mwandiko wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, ilikuwa tayari imeandikwa: KIELELEZO 1.

Akaitia kwenye soksi ya Bwana Mkubwa, akaenda kuiweka chini ya godoro.